Tahadhari za filamu za kutisha: zitaje jambo lenyewe

Kabla sijaanza: makala haya yanazungumzia kifo cha mtoto katika ajali ya gari, na yanafichua tukio kuu la filamu ya Hereditary ya mwaka 2018. Asiyetaka kufichuliwa aishie hapa, na aliyefiwa hivi karibuni asome siku nyingine akipenda.

Mistari michache ya namna hiyo ndiyo ninayoidai kwa wasambazaji wa filamu za kutisha, na mara nyingi siipati. Hereditary, iliyoongozwa na Ari Aster, ilipewa daraja la R nchini Marekani, yaani aliye chini ya umri wa miaka 17 haruhusiwi kuingia bila mzazi au mlezi. Sababu zilizotajwa zilikuwa ukatili wa filamu za kutisha, picha za kusumbua, lugha chafu, matumizi ya dawa za kulevya na uchi wa muda mfupi. Yote hayo yamo kweli, lakini hakuna hata neno moja linalomwambia mtazamaji kwamba anakwenda kukaa msibani.

Peter, kijana wa sekondari, anamkimbiza dada yake mdogo Charlie hospitalini usiku, baada ya msichana huyo mwenye mzio wa njugu kula keki yenye njugu ndani yake. Charlie anatoa kichwa dirishani akitafuta pumzi, Peter anakwepa mzoga wa mnyama barabarani, na kichwa cha msichana kinagonga nguzo. Kwa maoni yangu, kinachofuata ni kizito kuliko ajali yenyewe. Kamera inabaki usoni pa Peter, aliyeganda kwenye usukani asithubutu kugeuka. Kisha anaendesha gari polepole hadi nyumbani na kupanda kitandani bila kumwamsha mtu. Asubuhi tunamsikia mama akitoka kwenda kwenye gari, tunasikia yowe lake, na muda wote huo bado tunautazama uso wa kijana ambaye hakulala.

Nina rafiki anayependa sana filamu za mizimu na mashetani, naye alimzika mdogo wake aliyefariki kwa ajali ya barabarani. Aliponiuliza habari za filamu hii, hakutaka kujua inatisha kiasi gani, kwa kuwa hicho ndicho anachokitafuta. Alitaka kujua kama ndani yake mna msiba. Nilimjibu kwamba mtoto anakufa kwa ajali ya gari na kwamba maombolezo ya familia yanaonyeshwa kwa kirefu. Sikumtajia jina wala wakati. Aliiweka kando, akaja kuitazama baadaye mchana akiwa na mke wake, na bado ilimshtua, kwa sababu trela ya filamu hiyo, yaani kionjo chake, inamwonyesha Charlie kana kwamba ndiye atakayeibeba hadithi hadi mwisho.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba tahadhari huua utamu. Kutaja aina ya tukio si kusimulia mkasa. Pakiti ya biskuti huandikwa kwamba ina karanga, na hakuna anayelalamika kwamba ladha imefichuliwa. Wanaotaka kuingia bila kujua lolote wana haki yao pia, na dawa yao ni kuiweka tahadhari mahali ambapo anayeihitaji ataifungua mwenyewe. Tovuti ya Does the Dog Die, iliyoanza mwaka 2010 na swali moja tu la kama mbwa anakufa, leo ina orodha ndefu ya maswali ambayo watazamaji wenyewe huyapigia kura ya ndiyo au hapana. Kazi hiyo inafanywa na watu wa kujitolea, ilhali kampuni zilizotengeneza filamu zinajua majibu yote.

Zamani zilikuwapo tahadhari za namna nyingine, nazo zilikuwa matangazo ya biashara. Mwaka 1931, kabla ya filamu ya Frankenstein kuanza, mwigizaji Edward Van Sloan alitokea nyuma ya pazia kuwaonya watazamaji kwamba huenda wakaogofywa. Mwaka 1958 mwongozaji William Castle alikwenda mbali zaidi: kila aliyeingia kutazama filamu yake ya Macabre aliahidiwa bima ya dola 1,000 endapo angekufa kwa hofu. Nafurahia vituko hivyo, ila havikumsaidia mtu kuamua lolote. Maneno kama “matukio ya kusumbua” bado yana harufu ya vituko hivyo. Alama za umri nazo zina mpaka wake: Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya hutumia GE (kwa watazamaji wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18, na mzazi hufaidika nazo, lakini namba 18 haimwambii kitu mtu wa miaka 40 aliyetoka kuzika.

Wapinzani wana hoja moja nzito. Uchambuzi wa watafiti Bridgland, Jones na Bellet uliochapishwa mwaka 2023 ulijumlisha majaribio mbalimbali na kuona kwamba tahadhari hazipunguzi maumivu ya anayetazama, hazimfanyi aepuke, na humwongezea wasiwasi kabla ya kuanza. Nayakubali matokeo hayo. Hata hivyo, sizidai tahadhari kama tiba; nazidai kama taarifa, ili mtu achague atazame lini na nani awe karibu naye.

Kuhusu mwanga unaomwekamweka, ambao unaweza kuamsha kifafa, hapo sioni hata sababu ya kubishana. Desemba 1997 mamia ya watoto nchini Japani walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni za Pokémon, na mwaka 2018 filamu ya Incredibles 2 ilipoanza kuonyeshwa, kumbi za sinema zilibandika matangazo mlangoni kwa ajili ya wenye kifafa. Filamu za kutisha zenye taa za namna hiyo zinastahili tangazo hilohilo, tena kabla ya tiketi kulipiwa.