Kuutafuta mwamba chini ya Aletsch

Treni ya Jungfraujoch, huko Uswisi, hupita tumboni mwa milima, katika handaki lililotoboa Eiger na Mönch na kufunguliwa mwaka 1912. Ukitokeza uko mita 3,454 juu ya bahari, na jua la Aprili linaloruka kutoka kwenye theluji linachoma macho hata nyuma ya miwani myeusi. Watalii walibaki wakipiga picha. Sisi wanne tulivaa skii, tukafungana kamba kiunoni kwa kuhofia nyufa zilizofunikwa na theluji, tukaanza kuteremka Aletsch, mto wa barafu mkubwa kuliko yote katika Alps. Mimi nilikuwa wa tatu, naburuta sleji yenye rada.

Tulikuwa tunakwenda Konkordiaplatz, mahali mito ya barafu inapokutana na kuwa uwanja mmoja mweupe. Juu ni tambarare tupu. Tulitaka kujua mwamba wa chini una umbo gani, maana bila hilo huwezi kusema pana maji kiasi gani, wala ziwa litajikusanya wapi barafu ikishaondoka.

Rada hutuma mawimbi ya redio chini, kisha hungoja mwangwi. Ndani ya barafu wimbi huenda mita 168 kwa maikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Unachukua muda wa kwenda na kurudi, unagawa kwa mbili, unazidisha kwa 168.

Siku ya kwanza tulizunguka na antena ya megahezi 25 mpaka magoti yakatetemeka, na skrini ikatupa chengachenga tu, kama televisheni iliyopoteza stesheni. Barafu ya pale si kavu. Iko kwenye joto la kuyeyuka, ina vishimo na mishipa ya maji, na maji hayo huyatawanya mawimbi kabla hayajagusa mwamba. Ndiyo sababu watu hupima kabla ya kiangazi, maji yakiwa bado machache. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake tulifunga antena ya megahezi 5, waya wa mita 20 hivi unaoburuzwa juu ya theluji kama kamba ya kuanikia nguo. Megahezi zikipungua wimbi hurefuka, na wimbi refu halibabaishwi sana na vishimo vidogo. Tulianzia ukingoni, chini ya genge, na safari hii mstari ukaonekana: mweusi, mwembamba, hauna shaka. Kila tulivyosogea katikati nao ukazama. Maikrosekunde nne. Saba. Tisa na nusu. Nilivua glavu kwa meno nikapiga hesabu kwa penseli kwenye daftari: karibu mita 800. Nilisahau kutembea, kamba ikanivuta kiuno, kwani wa mbele hakujua nimesimama. Chini ya skii zangu palikuwa na bonde zima ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona.

Jioni tulipanda kwenye kibanda cha Konkordia. Cha kwanza kilijengwa mwaka 1877, mita 50 hivi juu ya barafu. Leo unapanda ngazi za chuma zaidi ya 400, na kadiri barafu inavyoshuka huongezwa nyingine chini. Nilizipanda na betri mgongoni, mkono ukigusa ukuta wa mwamba uliosuguliwa na barafu iliyokuwa hapo zamani.

Mtandao ulishika, nikampigia baba, Marangu. Alikuwa mpagazi Kibo miaka mingi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Mmefika chini?”

“Tumefika. Mita 800.”

Akanyamaza kidogo. “Na kwetu?”

Nikamwambia kwamba Kibo nako palipimwa kwa rada mwaka 2015, kwenye barafu ya kaskazini, na pale pazito kabisa ilikuwa mita 54 hivi.

“Ile ya ndani ya kreta,” akasema, “mimi nilikuwa naikata kwa shoka, tuyeyushe maji ya chai ya wageni.”