Maelezo ya zana: modeli haioni msimbo wako

Zana ni kazi ya programu ambayo modeli ya lugha (AI) inaweza kuomba ifanywe, kama kutafuta oda. Msimbo ulioandika nyuma ya zana, modeli haiuoni. Kinachoifikia ni vitu vitatu: jina la zana, maelezo yake na skima ya parameta, yaani muundo wa taarifa ambazo zana inahitaji, ambayo mara nyingi huwa ni JSON Schema. Ikishachagua, hutoa jina la zana na parameta zake kwa JSON (namna ya kuandika data kwa maandishi), kisha programu yako ndiyo inayoita API, mlango ambao programu hupitia kuomba kitu kwa seva, na kurudisha jibu. Jambo usiloliandika, modeli italikisia, tena bila kukuonyesha kwamba imekisia.

Chukua zana ya duka la mtandaoni inayoitwa `tafuta_oda`. Maelezo yake: "Hutafuta oda." Parameta zake: `mteja`, `tarehe`, `hali`. Aliyeitengeneza anaona yametosha, kwa sababu mengine yote yamo kichwani mwake. Lakini `mteja` ni jina, barua pepe au kitambulisho? `tarehe` ni ya kuagiza au ya kupokea mzigo? Na 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Kwenye `hali`, leo modeli itaandika "imelipwa", kesho "malipo tayari". API ikikataa kwa 400, yaani msimbo wa ombi lenye kosa, umepona. Balaa ni pale inapokubali na kurudisha orodha tupu, ajenti (programu inayoendeshwa na modeli) akamwambia mteja kwamba hajawahi kuagiza kitu.

Maelezo hayohayo yaandikwe hivi:

"Hurudisha oda za mteja mmoja, mpya zikitangulia, zisizozidi 20 kwa mara moja. Itumie mtumiaji anapouliza oda zake na hana namba ya oda. Namba ikiwepo, tumia `pata_oda`. Haionyeshi oda zilizofutwa. `ukurasa_ujao` ukiwa na thamani, oda bado zipo. Usiseme orodha imeisha. Orodha tupu maana yake hakuna oda iliyolingana na vichujio, si kwamba mteja hayupo."

Sentensi inayofanya kazi kubwa hapo ni ile ya "Namba ikiwepo, tumia `pata_oda`." Watu wengi huandika zana inafanya nini, wakasahau kuandika inaishia wapi. Zana mbili zikikaribiana bila mpaka, modeli itachukua hii leo na ile kesho kwa swali lilelile. Ukishindwa kuzitenganisha kwa sentensi moja, ziunganishe ziwe moja.

Kwenye parameta, kila penye umbo maalumu pataje, na mfano mmoja. `mteja` iwe `mteja_id`. `tarehe` igawanywe iwe `kuanzia` na `hadi`: "tarehe ya kuagiza, mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-04-03". `hali` iwe na orodha ya thamani zinazokubalika ndani ya skima yenyewe, si kwenye maneno. Fedha ndizo hatari zaidi: kama API inahesabu kwa senti, `kiasi` cha 5000 ni 50.00, na modeli isiyoambiwa hivyo itaandika 50 na kurudisha nusu ya uniti moja ya fedha. Iite `kiasi_senti`. Muda wa Unix (unaohesabiwa tangu 1 Januari 1970) nao useme kama ni sekunde, tarakimu 10, au milisekunde, tarakimu 13. Hata ukishaweka hayo yote, seva iendelee kukagua, maana si kila huduma inailazimisha modeli kufuata skima barabara.

Parameta ya lazima ina mtego wake. Mtumiaji asipoitaja, modeli inaweza kutunga thamani ili tu ombi likamilike. Andika inakotoka: "Ichukue kwenye jibu la `tafuta_mteja`. Usiitunge, ukiikosa, muulize mtumiaji." Kitambulisho cha mtumiaji mwenyewe aliyeingia kwenye mfumo usikiache mikononi mwa modeli kabisa. Programu ikijaze yenyewe.

Ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya maelezo, ila unasomwa baadaye. Ukirudisha "422" tupu (msimbo wa data isiyokubalika), tegemea ombi lilelile kuja tena. Rudisha: "`kuanzia` iko baada ya `hadi`. Rekebisha kisha jaribu tena." Kwa 429 (maombi mengi mno), sema isubiri sekunde ngapi. Kwa 403: "Usijaribu tena. Mwambie mtumiaji hana ruhusa."

Zana zinazofuta au kurudisha fedha zinahitaji zaidi ya maneno. Muunganisho ukikatika kabla ya jibu kufika, ajenti anaweza kujaribu tena na fedha zikatoka mara mbili, isipokuwa ombi lina ufunguo wa kipekee ambao seva inautambua ikijirudia. Uthibitisho wa mtumiaji uwe ndani ya msimbo. Kuandika TAHADHARI kwa herufi kubwa hakuzuii kitu, na zikipiga kelele zana zote hakuna itakayosikika.

Urefu una gharama: kwa kawaida maelezo ya zana zote hutumwa katika kila ombi. Zana 40 zenye tokeni 300 kila moja (tokeni ni vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) ni tokeni 12,000 kabla mtumiaji hajasema neno. Ondoa historia ya API, njia za ndani za seva na kila ambacho hakibadilishi uamuzi wa modeli. Mipaka usiiguse.

Kupima, andaa sentensi 20 au 30 za watumiaji, theluthi moja ziwe zile ambazo zana hii haipaswi kuitwa. Rekodi zana iliyochaguliwa pamoja na parameta zake. Rudia kila sentensi mara kadhaa, kwani majibu hubadilika, kisha rekebisha jambo moja kwa wakati. Sentensi ikiendelea kukosea baada ya marekebisho mawili matatu, acha maneno, kagua zana yenyewe. Mara nyingi utakuta parameta moja inayobeba maana mbili kutegemea nyingine, na hiyo dawa yake ni kuigawa.