Trauti wa bwawani mwanzoni mwa majira ya joto: tafuta kina kabla ya chambo

Mvuvi akikaa saa mbili bila kudonwa, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha vyambo. Atabadilisha rangi, atabadilisha ukubwa, ataweka kijiko, yaani chambo cha chuma kinachometameta, mahali pa nzi wa bandia. Kwa trauti wa upinde wa mvua kwenye bwawa lenye kina, mwanzoni mwa majira ya joto, mara nyingi chambo hakina kosa lolote. Kinachokosewa ni kina. Chambo kinapita mita mbili au tatu juu ya samaki, na trauti aliyeshiba hana sababu ya kukifuata huko.

Jua linapozidi kuwaka, maji ya juu hupata joto, huwa mepesi, na huelea juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Katikati hubaki mkanda mwembamba ambamo joto hushuka kwa haraka, nyuzi moja au zaidi kila mita. Trauti hula kwa bidii kwenye maji ya nyuzi joto 12 hadi 16. Yakifika 20 huanza kutaabika, na yakikaribia 25 wengi hufa. Tena maji ya moto hubeba hewa kidogo: ya nyuzi 10 huweza kushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 25 ni 8 na kidogo tu. Basi kwa nini samaki asizame hadi chini kabisa kwenye baridi? Kwa sababu kwenye mabwawa yenye matope na majani mengi, uozo wa sakafuni humaliza oksijeni, na mkanda ule wa katikati huzuia hewa mpya kushuka. Samaki hubanwa: juu joto, chini hakuna hewa. Kadiri majira yanavyosonga, nafasi yake hupungua, na huo ndio msaada kwa anayejua kuitafuta.

Kuipima hakuhitaji mashine. Chukua chupa nzito ya kioo, ifunge kizibo cha koki, funga kamba shingoni na kamba nyingine fupi kwenye kizibo, kisha uziunganishe na mshipi mmoja wenye alama kila mita moja. Ongeza vipande vya madini ya risasi vya kutosha ili chupa izame ikiwa na hewa ndani. Ishushe hadi kina unachotaka, vuta kwa ghafla kizibo kitoke, subiri ijae, ipandishe haraka na utumbukize kipimajoto humo humo. Kipimajoto cha kawaida kikishushwa peke yake hubadilisha usomaji njiani kikipanda, ndiyo maana watu hupata namba za ajabu. Ukipata nyuzi 19 juu, 18 mita ya tatu, 17 ya nne na 14 ya tano, anza kuvua kati ya mita nne na tano.

Aliye ukingoni hana mtumbwi wa kumfikisha huko, lakini upepo humsaidia. Ukivuma siku mbili mfululizo upande mmoja, husukuma maji ya moto na vijidudu hadi ukingo unaopigwa na mawimbi, na maji ya baridi hupanda kwenye ukingo unakotokea. Mapema katika majira, maji ya juu yakiwa bado chini ya nyuzi 17, simama kwenye mawimbi, chakula kiko huko. Yakishapita 19, hamia upande wa pili. Ushauri wa “vua palipo na mawimbi” uliosemwa bila kutaja joto umewapotezea wengi siku nzima. Alfajiri na magharibi hali hulegea kidogo, trauti huja karibu na nchi kavu hata kwenye maji ya mita moja, kwa hiyo usiingie majini kwa miguu kabla hujarusha mara kadhaa karibu nawe.

Chakula chao kikuu wakati huu ni usubi wa majini. Buu huishi kwenye tope, hugeuka pupa, na pupa hupanda polepole mno kuelekea juu. Neno la kukumbuka ni hilo la polepole. Kwa nzi wa bandia tumia mshipi unaoelea, na mbele yake uzi mwembamba wa mita nne na nusu hivi, wenye nzi wawili au watatu waliopishana mita moja na robo. Aliye mwishoni awe mzito, ndoana namba 10, wa juu yake namba 12 au 14, weusi au wa hudhurungi. Rusha kukatiza upepo, acha wazame, kisha uondoe ulegevu tu, usivute. Upepo utawapitisha kwa mwendo wa pupa halisi. Samaki akidona utaona mshipi unanyooka taratibu. Inua fimbo, basi. Anayevuta ghafla kwa nguvu hukata uzi, na anayeelekeza ncha ya fimbo kwa samaki hukata pia, kwa kuwa hakuna kinachopinda kumeza mshtuko.

Siku nyingine wanakula viroboto wa majini, wale wadogo wanaoshuka jua likiwa kali na kupanda mawingu yakifunika. Trauti huwafuata. Jua likichomoza katikati ya asubuhi nzuri na udonaji ukakoma ghafla, ongeza kina kwanza.

Kwa kijiko cha gramu 7 hadi 10, kina hupatikana kwa kuhesabu. Rusha mahali unapojua kina chake, acha mshipi huru, hesabu hadi ulegee. Ikiwa ni 12 kwenye maji ya mita sita, kila hesabu mbili ni mita moja. Baada ya hapo vua kwa hesabu 6, kisha 8, kisha 10, na ukipata samaki rudia namba hiyo hiyo. Weka kiungo kinachozunguka mbele ya kijiko, la sivyo mshipi utajisokota na kutoka kwenye rili, gurudumu la kuukunjia, kwa mafundo. Breki ya rili ilegezwe hadi robo au theluthi ya nguvu ya mshipi.

Wenye nyungunyungu hupenda kuweka risasi chini na kusubiri. Inafaa pale sakafu ilipo juu ya maji yasiyo na hewa. Zaidi ya hapo ni kuvua kwenye chumba kitupu. Tumia boya linaloteleza: fundo la kuzuia kwenye mshipi kwa kina ulichopima, ushanga, boya, risasi, kisha sentimita 60 za uzi mwembamba na ndoana namba 10. Fundo hupita kwenye rili, kwa hiyo kurusha hakusumbui. Soma kwanza masharti ya bwawa lenyewe, maana mengine hukataza chambo hai au huweka kikomo cha ndoana.

Maji ya juu yakifika nyuzi 20, acha kuvua kwa kuwarudisha samaki majini. Samaki aliyepigana kwenye joto hilo huogelea akaenda kufa mbali na macho yako. Chini ya hapo, lowesha mikono, usimtoe majini, na kama amemeza ndoana kata uzi karibu na mdomo badala ya kuchokonoa koo.

Wa kula umpige kichwani mara moja, ukate matamvua damu itoke, utoe matumbo na ukwangue ule mstari wa damu nyeusi kwenye uti wa mgongo, kisha umlaze kwenye barafu. Kabla ya kutupa matumbo, pasua mfuko wa tumbo ndani ya bakuli jeupe lenye maji. Pupa weusi walioelea mmoja mmoja wanakuambia uvue polepole. Uji wa kijani au wa hudhurungi usio na umbo ni viroboto, na hapo fuata mwanga: mawingu karibu na juu, jua kali chini zaidi.