Bili ikipanda, anza na mita

Nyumba nyingi zikibanwa na bili huanza kwa kuzima taa. Watoto wanakaripiwa kwa kuacha chaja ukutani, huku hita ya kuogea ikiwaka kama kawaida. Hapo mtu anafukuza panya ghalani ilhali ng'ombe yuko shambani anamaliza mazao.

Hesabu ya umeme haihitaji fundi. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, zidisha kwa saa kinazowaka, gawanya kwa 1,000. Jibu ndilo uniti. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 1.35 kwa siku 30. Chaja iliyochomekwa bila simu haifikishi hata nusu uniti kwa mwezi. Sasa pima hita ya kuogea ya papo kwa papo, ile isiyo na tangi, yenye wati 5,000. Dakika 10 za kuoga ni uniti 0.83. Watu 4 wakioga mara moja kwa siku, mwezi unaisha na uniti 100. Wakipunguza hadi dakika 5 kila mmoja, uniti 50 zimeokolewa, na hakuna taa ya LED utakayozima ikakupa uniti 50.

Kwa hiyo angalia kwanza vifaa vinavyotoa joto: hita, birika la umeme, pasi, jiko la umeme, oveni. Taa zinafuata tu kama bado ni zile za zamani za waya unaong'aa. Balbu ya namna hiyo ya wati 60, kwa saa zile zile 5, hula uniti 9 kwa mwezi. Hiyo ibadilishe leo, ukianza na chumba kinachowaka taa muda mrefu zaidi.

Kwenye birika, kosa ni maji. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka huhitaji karibu uniti 0.1. Ukijaza lita moja na nusu ili upate vikombe viwili, theluthi mbili ya moto umeichemshia hewa. Pima maji kwa kikombe kile kile utakachonywea. Pasi nayo hula sana inapoanza kupata moto, kwa hiyo nguo tano kwa siku tano tofauti zina gharama kubwa kuliko nguo tano kwa mkupuo. Anza na zinazotaka moto mdogo, panda hadi nzito, kisha chomoa pasi kabla ya nguo ya mwisho na uimalizie kwa joto lililobaki.

Hita ya tangi ina tabia yake: inapoteza joto usiku na mchana, hata kama hakuna anayeoga, halafu inawaka tena kulirudisha. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti 2.3, na kila saa inayokaa bure inaongeza kidogo. Iwashe muda mfupi kabla ya kuoga, izime baada ya hapo. Usishushe kidhibiti chake chini ya nyuzi 60 ukidhani unaokoa zaidi, kwa sababu maji ya uvuguvugu yaliyotuama kwenye tangi ni makazi mazuri ya bakteria wanaoshambulia mapafu.

Friji ndiyo inayowachanganya watu, maana mota yake huwaka na kuzima yenyewe. Ukizidisha wati zake kwa saa 24 utapata jibu la kutisha ambalo si la kweli. Ipime hivi: usiku kabla ya kulala zima kila kitu isipokuwa friji, andika namba ya mita, isome tena baada ya saa 8, kisha zidisha tofauti kwa 3. Mchana itapanda kidogo kwa sababu mlango unafunguliwa. Kama matumizi ni makubwa, bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kushika, mpira umechoka na baridi inavuja hapo. Barafu ikizidi nusu sentimita kwenye kuta, iyeyushe, maana inazuia baridi isifike kwenye chakula na mota inazidi kufanya kazi. Nyuma yake iache kama upana wa kiganja ili joto litoke. Nyuzi 4 zinatosha kwa sehemu ya chini, na -18 kwa ya kugandisha.

Mita yenyewe inasema mengi kuliko bili. Mita nyingi za kidijitali zina kitaa kidogo kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake, kitaa kikipepesa mara 1,000 umekula uniti moja. Hesabu kinapepesa mara ngapi kwa dakika, zidisha kwa 60, gawanya kwa ile namba: hayo ni matumizi yako kwa saa, kwa kilowati. Mipepeso 10 kwa dakika kwenye mita ya 1,000 ni wati 600. Ukiwasha kifaa kimoja baada ya kingine huku mtu mwingine akihesabu, kwa nusu saa utajua nani anakula nini, hata kifaa kilichofutika maandishi. Kisha zima na uchomoe kila kitu. Kitaa kikiendelea kupepesa mara kwa mara, kuna waya unaovuja au kuna mtu ameunganishwa kwenye laini yako. Zima swichi kuu: kikiendelea hata hapo, tatizo liko kati ya mita na swichi kuu, na hapo usiguse kitu, ita fundi mwenye leseni au shirika la umeme.

Kwa wanaolipa mwisho wa mwezi, linganisha namba ya kwenye bili na ya kwenye mita siku bili inapofika. Bili nyingine hukadiriwa tu bila mtu kuja kusoma. Piga picha ya mita, tarehe ionekane, na upeleke malalamiko ukiwa na picha hiyo.

Maji yana njia kama hiyo. Funga koki zote usiku, soma mita, asubuhi soma tena kabla mtu hajaenda chooni. Namba ikiwa imesogea, pana uvujaji. Mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo, kwa sababu linavuja kimya kimya. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha angalia bakuli. Rangi ikionekana, kiziba cha mpira kilicho chini ya tangi hakikai sawasawa: kimekakamaa, kimeshikwa na uchafu, au mnyororo wake ni mfupi unakining'iniza. Lakini kama maji yanamwagika kwenye mdomo wa bomba la kufurikia, lile linalosimama ndani ya tangi, kosa ni boya lililowekwa juu mno. Lishushe mpaka maji yasimame sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba hilo. Kazi hizi mbili ni za dakika chache, na kipuri chake ni miongoni mwa vya bei ndogo kabisa dukani. Uvujaji wake ndio unaoumiza.

Koki inayodondosha isikadiriwe kwa macho. Weka kikombe chini yake kwa saa moja, pima, zidisha kwa 24. Mara nyingi ni washa tu, kile kipete cha mpira cha ndani, iliyolika. Choo cha zamani chenye tangi kubwa kinaweza kupunguziwa maji kwa chupa ya lita moja iliyojazwa na kufungwa, ikasimamishwa ndani ya tangi mbali na boya. Familia ya watu 5, kila mmoja akivuta mara 5, inaokoa lita 750 kwa mwezi. Matofali usiweke: yanamung'unyika na chenga zake huharibu kile kile kiziba.

Jikoni, gesi nyingi hupotea kwa imani kwamba maji yanayotokota kwa fujo yanapika haraka. Hayapiki haraka. Maji yakishachemka hayapandi joto tena, moto wa ziada unageuka mvuke tu. Yakianza kuchemka, shusha moto mpaka yatokote taratibu, funika, basi. Jiko la shinikizo linaokoa kweli kwa sababu ndani yake maji hufika karibu nyuzi 120. Vyakula vikavu vinavyochelewa kuiva vilowekwe usiku kucha. Moto wa njano unaopaka masizi sufuria unaonyesha matundu ya jiko yameziba, kwa hiyo yazibue kwa sindano jiko likiwa limepoa. Mtungi unaponunua, upime: uzito mtupu umepigwa chapa juu yake, toa huo kwenye uzito wa mizani, kinachobaki ndicho gesi uliyouziwa.

Dukani nitasema moja tu. Gawanya bei kwa uzito, usitazame ukubwa wa pakiti. Pakiti iliyokuwa gramu 500 ikawa 450 kwa bei ile ile imepanda asilimia 11, na hakuna tangazo lililobandikwa. Pakiti kubwa ni nafuu pale tu mtakapoimaliza kabla haijaharibika.

Sasa fedha zenyewe. Anayepata mshahara wa mwezi akaugawa kwa wiki 4 ataishiwa karibu kila mwezi, maana mwezi, ukiacha Februari, una wiki 4 na siku 2 au 3 za ziada, na siku hizo ndizo za kukopa. Gawanya pesa ya matumizi kwa siku 31. Asiye na kipato cha kudumu achukue mwezi mbaya kuliko yote kati ya 6 iliyopita, apange kwa kiwango hicho. Kinachozidi kwenye mwezi mzuri kina kazi maalumu: gharama zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka, kama ada, bima, kodi na matengenezo. Ziorodheshe zote, zijumlishe, gawanya kwa 12, na kiasi hicho kiondoke siku pesa inapoingia, kikae mahali usipopagusa. Watu huziita dharura, lakini tarehe zake zinajulikana.

Malipo yanayojirudia yenyewe kila mwezi yapitie moja moja kwenye taarifa ya akaunti ya miezi 3. Bando la intaneti linaishia kwenye video kuliko kitu kingine: zuia video zisijicheze zenyewe, shusha ubora hadi 480, na programu zisijisasishe ila kwenye Wi-Fi. Bima ya afya iwe ya mwisho kuguswa.

Fedha ikiwa haitoshi kulipa wote, lipa kwanza kile ambacho kukikosa kutakunyima kipato au uhai: paa, chakula, dawa, maji na umeme, nauli ya kwenda kazini. Mdai anayepiga simu kwa ukali kuliko wengine asipande foleni kwa sababu ya ukali wake.

Madeni ndiko nyumba nyingi zinakofia, na hapa naomba msomaji achukue kalamu. Mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi unasikika mdogo. Ukikopa 100 ukawa unalipa riba pekee, baada ya miezi 10 umelipa 100 na bado unadaiwa 100. Usipolipa chochote na riba ikazaa riba, baada ya miezi 12 unadaiwa 314. Mikopo ya siku chache kwenye simu huficha riba kwa kuiita ada. Ada ya 5 kwa mkopo wa 100 wa siku 14, ukirudiarudia mwaka mzima, ni asilimia 130. Na ada hiyo ikikatwa mwanzoni, umepokea 95 lakini unarudisha 100.

Kuna mtego mwingine wenye sura ya heshima. Mkopo wa mwaka mmoja wa asilimia 12 kwa riba bapa hukokotolewa juu ya kiasi chote ulichokopa tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa kila mwezi umeshapunguza. Kwa wastani uko na karibu nusu tu ya pesa hiyo mkononi, hivyo ukiulinganisha na mkopo wa riba inayopungua, ile inayohesabiwa juu ya deni lililobaki tu, ni sawa na asilimia 21 na zaidi. Uliza neno moja kabla ya kusaini: bapa au inayopungua? Kisha uliza jumla yote utakayolipa, pamoja na ada na bima, kwa namba moja.

Kulipa, panga madeni kwa riba. Kila deni lipewe kiwango cha chini linachotaka, na chochote cha ziada kiende kwenye lenye riba kubwa zaidi hadi life, kisha kihamie linalofuata. Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo ili mtu apate moyo. Siwapingi kama riba zinakaribiana, ila pakiwa na la asilimia 10 kwa mwezi, hilo ndilo la kwanza. Kabla ya kuongeza malipo yoyote weka akiba ndogo, hata ya wiki moja ya matumizi, la sivyo mtoto akiugua utarudi kwa mkopeshaji yule yule. Kukopa ili kulipa deni kuna maana pale tu jumla mpya ni ndogo kuliko ya zamani na deni la zamani linafungwa siku hiyo hiyo.

Ukiona hutaweza, nenda kwa mdai kabla ya tarehe. Nenda na karatasi ya kipato na matumizi na kiasi unachoweza kweli. Omba muda, omba kulipa riba pekee kwa miezi michache, omba faini isimame. Uliza muda wa nyongeza utazaa kiasi gani, maana rejesho dogo la miezi mingi huongeza jumla. Mkikubaliana, yaandikwe na yasainiwe. Na siku ya mwisho dai hati ya kumaliza deni, maana hati hiyo ndiyo utakayoonyesha jina lako likikutwa bado kwenye orodha ya wadaiwa.