Nani anakuita hivyo?

Tangu Jumamosi nimekuwa nikijibizana na mwalimu mstaafu ambaye hayupo mbele yangu, na kila ninapodhani nimemshinda kwa hoja, ananirudia na swali lake lile lile. Wiki yenyewe haikuwa haba: mdogo wangu amejifungua salama kule Kibondo, kundi zima la kondoo wangu wa sufu limekwisha kukatwa manyoya kabla mvua hazijaanza, na mama ametembea kwa mkongojo wake hadi mlango wa zizi bila kushikwa mkono. Nimekaa chini ya taa ya sola usiku huu nikitaka kuandika habari hizo, lakini kalamu inakwenda kwenye shada moja la uzi nilioutengeneza kwa mkono na maneno machache yaliyosemwa juu yake katika soko la Kasulu.

Mnajua ninavyokaa pale sokoni. Natandika turubai karibu na wauzaji wa nyuzi za kusukia nywele, mahali ambapo sikuchagua na ambapo sipapendi, kwa sababu kila binti anayepita hunidhania kuwa mmoja wao, akaniuliza kama nina rangi nyeusi, akaushika uzi wangu, akaambiwa umetoka kwa kondoo, akaurudisha kwa adabu ya mtu aliyeshikishwa kitu asichokitaka. Wateja wangu wa kweli ni wale wanaofuma sweta, kofia na soksi za watoto wachanga, maana usiku wa Juni huku Kasulu na kule juu Manyovu una baridi ambayo ndugu zetu wa Ujiji, walioko chini kando ya ziwa, huicheka mpaka walale kwetu siku moja. Hata hao wateja wangu wengi wao hufumia uzi wa dukani, ambao si sufu bali ni zao la kiwanda, na bei yake ni ndogo mara kadhaa kuliko yangu. Sina ugomvi nao.

Mwalimu alikuja saa nne. Alifundisha Sayansi Kimu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya wanawake wa umri wangu hapa mjini walishika sindano za kufumia kwa mara ya kwanza mbele ya macho yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza hali ya mama, akaniuliza kama mama amekwisha kuanza kugombana na watu, kwani kwake hiyo ndiyo dalili ya kupona. Kisha akainama, akachukua shada jeupe, lile nisilolitia rangi.

Hakulitazama. Jambo hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Aliutoa uzi kidogo kidogo, akaupitisha kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, huku macho yake yakiwa kwenye duka la mbolea lililo ng'ambo ya barabara, kama mtu anayesali rozari huku akisubiri basi. Akasimamisha vidole.

"Hapa uliinuka," akasema.

Sikuelewa. Akaendelea kuuvuta uzi, akasimama tena.

"Na hapa. Na hapa tena. Mwanangu, nani anakuita hivyo?"

Nikajibu, na jibu hilo ndilo linaloninyima usingizi: "Ni uzi wa mkono, mwalimu. Hauwezi kulingana kama wa kiwandani."

"Sikusema haulingani. Nimesema uliinuka."

Akachukua shada hilo, akapekua mengine, akaongeza la pili, akalipa bei niliyomtajia bila kuomba apunguziwe hata shilingi mia, akaniambia nimsalimie mama, akaondoka.

Ni hayo tu. Nimeyapindua maneno yale nikichana sufu, nikiyapindua tena nikikamua mbuzi. Je, alikuwa akinikosoa? Mtu anayekosoa hutaka apunguziwe. Je, alikuwa akinionea huruma? Nisingependa kuhurumiwa sokoni, mbele ya wauza nyuzi za kusukia. Bwana wangu, ambaye huona kila jambo kwa jicho la hesabu, aliniambia kwamba fedha imelipwa na neno limesemwa, na kwamba mimi nimeshika neno nikaacha fedha. Wifi yangu, aliyewahi kukaa dawati la mbele katika darasa la mwalimu huyo, alicheka akasema kwamba mwalimu hakuwahi kuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari.

Kinachonikera zaidi, niseme wazi, ni kwamba uzi ule hausomeki kirahisi. Anayesokota kwa kijiti kama mimi, akiitwa katikati ya kazi, hukifunga kijiti chake na kwenda. Akirudi, huufungua mwisho wa uzi msokoto ukalegea, akazitawanya nyuzinyuzi zake, akalaza juu yake kishungi kipya cha sufu iliyochanwa kwa urefu wa kama kidole kimoja, kisha akauachia msokoto uingie taratibu na kuvishika vyote viwili. Kiungo kikifanywa vizuri hakivunjiki hata ukivute kwa mikono miwili. Kinachobaki ni unene kidogo mno, ambao jicho haliuoni. Zaidi ya hapo, mimi siuzi uzi wa unyuzi mmoja. Nikimaliza nyuzi mbili nazisokota pamoja kwa mwelekeo ulio kinyume cha ule wa kwanza, ili kila mmoja uuzuie mwenzake usijifungue, na faida ya pili ya kazi hiyo ni kwamba penye kiungo katika uzi mmoja, mwenzake hupita juu yake na kukifunika. Baada ya hapo nalichovya shada katika maji, naling'iniza na jiwe dogo chini yake ili msokoto utulie. Mwanamke yule alivipita vyote hivyo, mwenzake wa uzi na maji na jiwe, akafika mahali nilipoinuka.

Na kweli, naitwa. Tangu mama alipopata kiharusi na kuhamia kwetu (wengi wenu mlifuatana nami katika miezi ile, na sitairudia), nyumba hii imekuwa na sauti moja inayotangulia nyingine zote. Mama ataka maji. Mama ataka redio isogezwe. Mama amesikia kondoo akikohoa na ataka kujua ni yupi. Kitinda mimba wangu huniita kuniambia kwamba hajaniita. Halafu wako majirani, ambao kwa miaka yote hii hawajauzoea mfugo huu. Kondoo wao ni wale wa kwetu wa siku zote, wenye nywele fupi na mkia mnene, wanaofugwa kwa nyama na hawakatwi manyoya maisha yao yote. Hawa wangu wana damu ya Corriedale, mbegu iliyotokana na kuchanganya Merino na Lincoln kule New Zealand na Australia, na sufu yao isipokatwa itaendelea kukua mpaka mnyama ashindwe na joto. Basi kabla ya kuwakata, jirani alikuja kuniita nje aniulize kwa nini wamevimba. Juzi, baada ya kuwakata, amekuja yule yule kuniita nje aniulize wamepatwa na ugonjwa gani hata wakapukutika.

Hasira yangu ilinipeleka mpaka Jumanne. Siku hiyo tulikuwa tukiosha sufu ya majike wawili, kazi isiyovumilia kuitwa hata kidogo, kwani maji yanatakiwa yawe ya moto kiasi cha kuukataa mkono, sabuni iwemo ya kutosha kuyeyusha mafuta ya mnyama, na sufu izamishwe na kuachwa itulie. Ukiikoroga, au ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitia ya baridi ghafla, magamba madogo yaliyo juu ya kila unywele hushikana na hayaachani tena, nawe unabaki na kitu kinachofaa kukaliwa wala hakifai kusokotwa. Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria wakati mama aliponiita. Nikasema, "Nakuja, mama," nikabaki nimeinama mpaka sufu ikatulia, kisha nikaitandaza juu ya chandarua chakavu kivulini, ndipo nikaenda. Alikuwa akitaka kujua kama ni Jumanne.

Usiku ule, watu walipolala, nilitoa sanduku la bati ninamowekea mashada yanayosubiri kuuzwa. Nikafumba macho nikajaribu kufanya kama mwalimu. Kwanza sikuhisi lolote isipokuwa uzi. Nikapunguza mwendo, nikalegeza vidole, na kisha nikakipata kimoja, kitu kidogo kama punje ya ulezi iliyo chini ya shuka. Nikakipata kingine. Katika shada la rangi ya kutu, lile nililolitia maji ya vumbi la mkurungu kutoka kwa fundi seremala pamoja na shabu, vilikaribiana mno, na nikakumbuka kwamba uzi ule niliusokota wiki mama alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani. Sikuwa na hasira tena na mwalimu wakati huo. Nilikuwa nimeshikwa na hamu ya mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe akaisahau.

Nikaendelea, shada baada ya shada, mpaka nikakutana na moja ambalo halikuwa na kitu. Nikalipitisha lote. Nikarudia. Uzi ulikwenda sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, msokoto wake haukulegea wala kukaza mahali popote, na kwa muda nilijivunia mikono yangu, nikijaribu kukumbuka ni siku gani hiyo ya amani iliyowahi kupita katika nyumba hii bila mimi kuikumbuka. Ndipo nilipoona kipande cha kitenge kilichofungiwa shada lile. Si kazi yangu. Ni la binti yangu mkubwa, alilosokota wakati wa likizo ya Juni.

Nilicheka peke yangu gizani. Mnamfahamu binti huyo. Ni yeye ambaye mkimwita husema "Abee, mama, nakuja," kwa sauti tamu kabisa, na haji. Tumegombana naye juu ya jambo hilo Juni nzima. Baba yake amezungumza naye, bibi yake amemtisha kwa laana, mimi mwenyewe nilitamka maneno ambayo sitayaandika. Hakuwa na ujeuri wowote. Alikuwa na kishungi cha sufu mkononi na hakuona sababu ya kuinuka kabla hakijaisha. Na huo hapa, uzi bora kuliko wote ulio ndani ya sanduku.

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo kama lile shada la pili alilochagua mwalimu lilikuwa la binti. Alipekua mengine kwanza. Aliyagusa, akayaweka kando, akachukua hilo bila kusema neno. Sikuangalia limefungwa kwa kitenge au kwa kamba ya mgomba. Siwezi kumuuliza, kwani nikimuuliza atanijibu kwa swali jingine, na moja limenitosha. Wala sijui ningetaka jibu lipi. Sitaki binti asiyesikia anapoitwa; kuna siku mwito utakuwa wa kweli. Lakini nikiutazama uzi wake na wangu vikiwa vimelala pamoja, sitaki pia kuwa mimi ninayemfundisha kuinuka kila mara. Bado namgombeza. Siku hizi nangoja kwanza amalize kishungi.

Kicheko changu kilimwamsha mama, akaniuliza kupitia ukutani kuna nini. Nikaenda nikaketi kando ya kitanda chake, nikamweleza yote: mwalimu, duka la mbolea, vidole, swali. Alisikiliza kwa makini, akataka ashikishwe uzi wenyewe katika mkono wake ulio mzima, akaupapasa kwa muda mrefu.

"Mimi ndiye ninayekuita," akasema.

Nikamwambia si yeye peke yake. Nikamtaja jirani, nikamtaja kitinda mimba, nikamtaja hata yule jike mwenye kilema. Akanyamaza kwa kuridhika. Nilipofika mlangoni akaniita nirudi nimgeuzie mto.

Nisingeandika zaidi ya hapo, ila kuna jambo la kondoo dume ambalo nimeliahirisha tangu mwezi jana na sasa haliahirishiki. Dume langu ni lile lile tulilolileta kutoka kaskazini, na wanawe majike wa mvua zilizopita wamekwisha kukomaa. Akiwapanda, tutavuna wanakondoo dhaifu na sufu ya kukatisha tamaa, na kondoo jike hubeba mimba kwa takriban miezi mitano, maana yake nitakuja kulijua kosa wakati limekwisha kusimama kwa miguu minne. Dume jingine la sufu halipatikani karibu; kulisafirisha kutoka Arusha hadi huku kunagharimu zaidi ya bei ya mnyama mwenyewe, na mwenye gari aliyeniahidi nafasi amebadili njia. Kwa sasa nimemtenga huyu mzee katika kizizi cha upande wa mtoni, lakini leo jioni nimekuta nguzo mbili za uzio huo zimeliwa na mchwa, na fundi anasema hawezi kuja kabla ya Alhamisi.