Nilivyoipata injini halisi ya Datsun 240Z hapa Tabora

Gari ni la baba mdogo, Datsun 240Z ya mwaka 1971, na limelala uani mtaani Isevya, hapa Tabora, kwa miaka mingi. Alilipenda tangu enzi za Safari Rally, mbio zilipokuwa bado zinapita Tanzania: 240Z ilishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Aliponikabidhi nilifufue, sharti lake lilikuwa moja tu, lirudi kama lilivyotoka kiwandani.

Kila fundi aliyelichungulia alisema injini ni ile ile iliyotoka nalo kiwandani. Mimi nikaanza na kibati kilicho chini ya boneti, ambacho fundi wa rangi aliwahi kukifunika. Nilikisugua kwa kitambaa chenye thina. Msasa ungekula maandishi. Ikajitokeza HS30, alama ya 240Z za usukani wa kulia, kisha namba ya injini iliyotanguliwa na L24, jina la aina ya injini yake ya kiwandani.

Nikahamia kwenye bloku, yaani mwili wa injini, upande wa plagi, nyuma kabisa, chini kidogo ya silinda hedi inayoufunika kwa juu. Mafuta ya taa, brashi ya waya, tochi ya simu. Ikasomeka L28! Hiyo ni injini ya cc 2753, ndiyo iliyofungwa hata kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980. L24 ina cc 2393, ila kwa nje zinafanana mno, na hedi zake zinabadilishana. Ndiyo maana hedi iliyokuwa juu yake ilikuwa ya zamani kweli, yenye E31, alama ya hedi za 240Z za mwanzo, iliyosubiwa kwenye chuma chenyewe. Kabureta zote mbili za Hitachi nazo zilikuwepo.

Basi nikamfuata fundi mzee aliyewahi kulihudumia.

“Shikamoo mzee. Injini ya kwanza ya ile Datsun ya baba mdogo ilienda wapi?”

“Marahaba mwanangu. Ilichemka, tukafunga ya Patrol. Ile bloku sikuiuza.”

Ilikuwa nyuma ya gereji, chini ya mwembe, imeegemea difu ya lori. Tuliisafisha pale pale. Nilisoma tarakimu moja moja, baba mdogo akizilinganisha na picha ya kibati kwenye simu, na zote zikakubaliana. Alinishika bega, hakusema kitu.

Kwa spea ndogo ndogo, boksi lenye neno “genuine”, yaani halisi, halinitoshi. Namba ya spea ya Nissan ina sehemu mbili za herufi na tarakimu tano tano: ya kwanza inataja ni kifaa gani, ya pili kilitengenezwa kwa ajili ya gari lipi. Muuzaji akishindwa kunitumia picha ya namba hiyo, simtumii hela.

Bloku sasa iko Mwanza inachongwa silinda. Ile ya Patrol bado nzima, mwenye shida nayo aje Isevya tuongee.