Siku moja na fundi wa rimoti, Kariakoo

Nikiulizwa nafanya kazi gani, nasema napanga rimoti kwa kompyuta. Watu hunyamaza wakingoja nimalizie. Nimeshamaliza, ndiyo kazi yenyewe. Nina meza moja Kariakoo, laptopu iliyochakaa na waya wa pini 6, na watu hunilipa ili rimoti nne za sebuleni ziwe moja. Jana ilikwenda hivi.

Saa 11:30 alfajiri. Chai, chapati iliyolala, mwendokasi kutoka Kimara nimesimama mpaka Gerezani.

Saa 2 asubuhi. Nafungua. Wateja wa mapema ni wepesi: mtu analeta rimoti "imekufa", naielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu na kubonyeza. Kikionekana kimwanga cha zambarau kwenye kioo, rimoti ni nzima, aende akaangalie TV. Kisipoonekana, kwanza betri, halafu mpira wa vitufe, ambao katika nyumba nyingi umeshakunywa soda. Spiriti, pamba, buku mbili, karibu tena.

Saa 3. Rimoti za gesti moja ya Magomeni. Vyumba vyote vina TV za aina moja, kwa hiyo faili ni lilelile: chomeka, mimina, chomoa, chomeka nyingine.

Saa 4:20. Akaja mzee mmoja na mfuko wa nailoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti. Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ameshafika. Akaangalia nyuma yangu, kwa kijana wa kava za simu tunayegawana naye pango, kijana akaninyooshea kidole bila kuinua kichwa. Hili huwa halinikasirishi tena kabla ya saa sita.

Ndani ya mfuko: rimoti ya TV ya Philips ya mtumba kutoka Ulaya, ya king'amuzi, ya sabufa, ya kiyoyozi, na ya tano, ile ya "kujifunza", yaani inayonakili rimoti nyingine, aliyouziwa na fundi mwingine. Ya tano ndiyo kesi. Fundi yule aliziweka rimoti uso kwa uso, akabonyeza huku na huku, akapokea hela. Nyumbani, mzee akishuka kwenye menyu ya TV mshale unasogea mara moja kisha unagoma. Kwenye kiyoyozi, kitufe cha kupunguza baridi na cha kuongeza vyote vinaleta 24.

"Kwa hiyo wewe utanitengenezea kwa dakika tano," akasema. Akavuta stuli.

Hapa watu hawaelewi, na simlaumu yeye. Rimoti ni taa inayopepesa mwanga tusioweza kuuona. Nyingi za Kichina hupepesa mara 38,000 kwa sekunde, Philips 36,000, Sony 40,000, na juu ya mpepeso huo kila kampuni ina lugha yake. Lugha ya Philips ina biti moja, yaani alama ya 0 au 1, inayogeuka kila unapobonyeza upya, ili TV ijue umebonyeza mara mbili, hujang'ang'ania kitufe. Rimoti ya kujifunza huinakili sauti pamoja na kikohozi: biti ile inaganda ilivyokuwa siku ya kunakiliwa. Ukibonyeza haraka mara tatu, TV inaona kidole kimoja kilichokaa.

Kiyoyozi nacho kina tabia yake. Rimoti ya TV hutuma amri fupi: ongeza sauti. Rimoti ya kiyoyozi hutuma hali nzima kwa kila mbonyezo: baridi, nyuzi 24, feni ya kati, bawa lisimame. Wakati mwingine ni zaidi ya biti 100, wakati amri ya sabufa ni 32 tu. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoitwa "punguza" cha kunakili. Aliyenakili akiwa kwenye 24 amenakili 24.

Nikamweleza yote haya. Akasikiliza vizuri, akauliza, "Sasa kwa nini rimoti mpya ni elfu kumi huko nje na wewe unasema arobaini?"

Kwa sababu siuzi plastiki. Natumia rimoti za One For All za mtumba, zile ambazo ukifungua sehemu ya betri unakuta vitundu sita. Ndani, kwenye bodi, pameandikwa JP1, na wapenzi wa mambo haya huko nje wakaliita hivyo kundi zima la rimoti hizi. Nachomeka waya, naifungua programu ya RemoteMaster, ya bure, inayotumia Java na haina haraka. Navuta kumbukumbu yote ya rimoti ije kwenye kompyuta. Hapo sinakili tena mpepeso, naandika maana yake: lugha ya Philips, kifaa namba 0, kuwasha na kuzima 12, kimya 13, sauti juu 16, sauti chini 17. Biti ya kugeuka itageuka yenyewe. Halafu narudisha kumbukumbu kwenye rimoti.

Mzee akasema bado ni ghali. Tukakubaliana thelathini na tano, pamoja na kwenda kwake Tabata, kwa sababu alitaka kitu kimoja zaidi: kitufe chekundu kiwe "taarifa ya habari". Abonyeze mara moja, kila kitu kiwake, TV iende kwenye king'amuzi, sauti itoke kwenye sabufa.

Saa 6 umeme ukakatika. Laptopu yangu bila waya wa chaji ni mapambo tu. Nikala wali maharage, nikazima simu, nikasubiri.

Saa 9, Tabata. Kwanza nikaomba taa ya sebule izimwe, maana baadhi ya taa hupepesa na kuivuruga rimoti inapojifunza kiyoyozi. Mama mwenye nyumba akaizima kwa shingo upande, alikuwa anachambua mchele. Kiyoyozi nikakipa vitufe vitatu: 24, 26 ya usiku, na zima. King'amuzi hakikusumbua.

Kilichosumbua ni kitufe chekundu. Kuwasha na kuzima kwa TV ni kitufe kimoja. Mzee akikibonyeza wakati mjukuu ameshaiwasha TV, taarifa ya habari itaizima. Nilihitaji amri ya kuwasha tu na ya kuzima tu, ambazo haziko kwenye rimoti ya kiwandani, ila TV nyingi zinazo ndani, zimefichwa. Lugha ya TV ile ina nafasi 256 za amri. Namna ya kuzipata ni kuzijaribu moja moja, ukiandika kilichotokea.

Basi tukakaa. Namba hii, hakuna kitu. Hii, hakuna. Hii inatanua picha. Hakuna. Hakuna. Hii inafungua maandishi ya teletexti, mzee akashangaa ilikuwamo humo miaka yote. Hii inaleta menyu ya Kiingereza yenye mistari ya namba, nikatoka mbio, kwa sababu ukigusa vibaya humo TV hairudi ilivyokuwa. Hakuna. Mjukuu akarudi shule, akataka katuni. Mama akataka taa yake. Mzee akaanza kunisimulia alivyokuwa fundi mitambo bandarini, na kwamba enzi zao kitu kilikuwa na swichi. Jasho linanitiririka, kwani kiyoyozi tumekizima kisichanganye mambo. Saa sikuiangalia tena, nilisikia tu adhana ya alasiri, na baadaye sana ile ya magharibi.

Ya kuzima tu ilipatikana. Ya kuwasha tu haikupatikana kamwe, lakini nikaona kitufe cha namba 1 kinaiamsha TV iliyolala, na iliyoamka hakiizimi. Inatosha. Nikapanga: namba 1, subiri TV ipate picha, chagua king'amuzi. Sabufa nikaiacha iwe inawaka muda wote, maana nayo ina kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima na haina amri yoyote iliyofichwa.

Mzee akabonyeza chekundu. Ikawaka. Akazima, akabonyeza tena. Akamwita mama, akambonyezea. Akamwita jirani.

Kisha akatoa elfu ishirini na tano, akasema kumi tayari alishampa yule fundi wa kwanza, mimi na yeye si wote mafundi?

Sikubishana. Nilichomeka waya, nikamwambia naifuta rimoti ndani ya sekunde chache kisha naondoka nayo, na yake ya tano namwachia. Mama, bila kuinua macho kwenye ungo, akasema, "Baba, mlipe mtoto wa watu." Ikapatikana kumi.

Kwenye daladala ya kurudi nimehifadhi faili lake, "Tabata, sebule, chekundu ni habari", na nakala kwenye flashi. Rimoti hiyo itaangukia ndoo au itakanyagwa, na siku hiyo kazi kweli itakuwa ya dakika tano. Nitamtoza elfu kumi na tano.